Je, Wajua? Mafuta, Krimu na Mkono wa Mkandaji

Je, wajua kwamba mafuta ya kukandia hayafiki kwenye msuli?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mafuta ya moto yakipakwa mgongoni huingia hadi mfupani, na huko ndiko yanakoondoa maumivu. Ngozi haipitiki kirahisi hivyo. Tabaka lake la juu kabisa, lenye seli zilizokwisha kufa na kubanana, lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu katika sehemu nyingi za mwili. Ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, na bado huzuia karibu kila kinachojaribu kupita. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walieleza kanuni ambayo watengenezaji wa dawa za ngozi huifuata hadi leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupata taabu sana kuvuka ngozi nzima. Molekuli za mafuta ya alizeti, ya ufuta na ya zeituni zina uzito wa karibu daltoni 880. Hata za nazi, zilizo nyepesi zaidi, kwa wastani hupita 600.

Kinachofika kwenye msuli ni mkono: uzito wake, joto lake na mwendo wake. Mafuta hubaki juu, yakiuwezesha mkono kupita bila kuchubua na yakizuia maji ya ngozi yasipotee. Ukishalielewa hilo, huna haja ya kumuuliza muuza duka ni chupa gani yenye nguvu zaidi. Cha kujiuliza ni mkono unatakiwa uteleze kiasi gani, kwa muda gani, na juu ya ngozi ya nani. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na maswali hayo matatu.

Je, wajua kwa nini krimu hushika pale mafuta yanapoteleza?

Krimu ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja kwa msaada wa kiunganishi. Losheni ina maji mengi zaidi. Mkandaji anapoisugua, sehemu ya maji hupaa hewani na sehemu nyingine huingia katika lile tabaka la juu na kulilainisha. Hapo hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii: ngozi iliyolainishwa na maji huwa na msuguano mkubwa kuliko ngozi kavu, kwa sababu inalegea na kugusana na kiganja kwa eneo pana zaidi. Ndiyo maana baada ya dakika chache krimu huonekana kama imekwisha, na kidole kinaanza kunasa.

Kunasa huko ndiko anakokutafuta mtu anayefungua fundo la msuli uliokaza begani. Kwa mafuta, kidole gumba kingepita juu ya fundo bila kulishika. Mkandaji angelazimika kubonyeza kwa nguvu zaidi, akamuumiza mgonjwa na kujiumiza mwenyewe, na wakandaji wengi huharibika vidole gumba na viwiko kwa njia hiyo. Anayepitisha viganja kutoka kiunoni hadi shingoni kwa mipapaso mirefu ya taratibu, akitaka mwili ulegee na usingizi uje, ana haja tofauti. Akitumia losheni atasimama kila mara kuongeza nyingine, na kila akiinua mkono, mkandwaji anazinduka. Huyo mafuta ndiyo yanayomfaa, na vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha mwili mzima wa mtu mzima.

Wapo pia wasiopaka kitu chochote. James Cyriax, daktari wa hospitali ya St Thomas' jijini London, alifundisha katika karne ya 20 namna ya kusugua kano zilizoumia kwa kukatisha nyuzi zake, akisisitiza ngozi iwe kavu ili kidole na ngozi viende pamoja. Kidole kikiteleza, kano iliyo chini haiguswi na ngozi ndiyo inayochubuka. Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliofanya kazi Cannes, Ufaransa, miaka ya 1930, walibuni ukandaji mwepesi mno wa kusukuma maji ya limfu yaliyokwama. Nao hufanywa bila mafuta au kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu kazi yake ni kuivuta ngozi polepole. Wagonjwa waliovimba mkono baada ya upasuaji wa saratani ya titi hutibiwa hivyo hadi leo. Ukandaji wa Thailand, ulioingizwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ya turathi za kiutamaduni zisizoshikika, hufanywa mkandwaji akiwa amevaa nguo zake.

Binafsi namheshimu mkandaji anayejua ni wakati gani chupa ikae mezani.

Nazi ya Tanga, nazi ya Njombe

Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzijoto 24 hivi. Tanga au Mombasa huwa maji karibu mwaka mzima. Chupa hiyo hiyo ikipelekwa Njombe mwezi Juni hugeuka jiwe jeupe, na mnunuzi hudhani amepunjwa au yameharibika. Hayajaharibika. Kuyaweka katika bakuli la maji ya moto kunatosha, na hata donge likiwekwa kiganjani litayeyuka lenyewe, kwa sababu ngozi ya mwili huwa na joto linalozidi nyuzi 30.

Yeyote aliyewahi kuyatengeneza nyumbani anaijua kazi yake: nazi hukunwa kwenye mbuzi, tui hukamuliwa, kisha huchemshwa hadi maji yaishe, mafuta yabaki juu na masimbi chini. Asilimia 90 hivi ya mafuta hayo ni ya aina isiyoshambuliwa haraka na hewa, na ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuchacha. Yanateleza vizuri, bei yake inavumilika, na harufu yake watu wa pwani wanaipenda tangu utoto. Kasoro yake ni kwamba hushika kwenye shuka. Kuna aina iliyotenganishwa kiwandani, ikaondolewa sehemu ile inayoganda. Hiyo hubaki maji hata kwenye baridi, haina harufu, na hutoka kwenye kitambaa kwa urahisi zaidi. Kwa mkandaji wa nyanda za juu anayefua taulo nyingi kila siku, naona fedha ya ziada inalipa.

Ufuta ni habari nyingine. Tanzania hulima ufuta mwingi, hasa Lindi na Mtwara, na kiasi kikubwa hupelekwa Asia. Kusini mwa Asia mafuta yake ndiyo msingi wa ukandaji wa tiba ya jadi ya Ayurveda, ambapo hupashwa moto kidogo na kupakwa mwili mzima kabla ya kuoga. Ni mazito kuliko ya alizeti na yana harufu yake, lakini yamebeba vihifadhi vya asili vinavyochelewesha uchachu. Yanamfaa mtu mwenye ngozi kavu anayekandwa taratibu na kwa muda mrefu. Kabla ya kuyatumia kwa mgeni, muulize kama ana mzio wa ufuta.

Mafuta ya nyonyo, yatokanayo na mbegu za mbarika, watu huyasifia kwa kila kitu. Karibu asilimia 90 yake ni asidi moja, ya risinoleiki, na hiyo ndiyo inayoyafanya yawe mazito na ya kunata kuliko mafuta yoyote ya mbegu tunayoyajua. Uzito huo uliyapeleka mbali: yalilainisha injini za ndege wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina la kampuni ya vilainishi ya Castrol limetokana nayo. Kwa ukandaji, unataji huo ni mzigo. Ukiyamwaga peke yake mgongoni, mkono unakwama. Yachanganye kidogo na mafuta mepesi pale unapotaka mshiko, hasa kwenye goti au kiwiko. Tena, mbegu zenyewe zina risini, sumu kali sana. Risini haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa vizuri ni salama, lakini mbegu si za kuchezewa na watoto.

Halafu kuna mafuta mgando ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda, maeneo ya Lango na Acholi, ambako wanawake huokota kokwa chini ya miti inayomea yenyewe. Shea ya huko ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na huyeyuka upesi inapogusa mwili. Naipenda kwa sababu moja kubwa: inampa mkandaji mshiko unaokaribia ule wa krimu bila kuwa na maji ndani yake. Bidhaa isiyo na maji bakteria hawaipendi, kwa hiyo haihitaji vihifadhi vya kemikali ambavyo kila krimu yenye maji lazima iwe navyo. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na krimu za dukani aanze kwa kujaribu hii.

Je, wajua kwamba mafuta ya alizeti yalijaribiwa kwa watoto njiti, na matokeo yakawashangaza madaktari?

Katika hospitali ya watoto jijini Dhaka, Bangladesh, timu ya daktari Gary Darmstadt iliwachukua watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 33 ya mimba, ambao ngozi yao huwa nyembamba mno na hupitisha vijidudu. Baadhi walipakwa mafuta ya alizeti kila siku, wengine mafuta mgando yenye asili ya petroli, na wengine hawakupakwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliopakwa alizeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41. Mwaka 2008 timu hiyo ilitoa hesabu ya vifo: vilipungua kwa asilimia 26 kwa waliopakwa alizeti, na asilimia 32 kwa waliopakwa mafuta mgando.

Kitu cha bei ya jikoni kiliwafanyia kazi watoto dhaifu kuliko wote, na mabadiliko yenyewe yalitokea juu ya ngozi, kwenye ule ukuta tuliouanza nao.

Hata hivyo, si kila mafuta ya jikoni yanafanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na timu ya Sheffield, Uingereza, uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni na ya alizeti. Ya zeituni yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa ngozi, na ya alizeti yaliliacha salama. Mwaka 2016 watafiti wa Manchester waliwafuatilia watoto wachanga 115 wenye afya, waliozaliwa kwa wakati wake. Mafuta yote mawili, ya zeituni na ya alizeti, yaliongeza unyevu wa ngozi lakini yalivuruga kidogo mpangilio wa mafuta ya asili ya ngozi hiyo changa.

Kwa hiyo mama aliyejifungua mtoto mwenye afya asione haya kumwacha mtoto bila mafuta wiki za mwanzo. Bibi atasema mtoto amekauka. Ngozi ya mtoto mchanga hubambuka kidogo siku za kwanza na huko si kuugua. Akitaka kumpapasa, kiganja chenye joto kinatosha, na kama ni lazima kuwe na mafuta, achague yasiyo na harufu yoyote, kiasi kidogo sana. Mtoto njiti ni wa kuamuliwa na daktari wake.

Je, wajua kwamba mzio wa karanga unaweza kuanzia kwenye ngozi?

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa Gideon Lack na wenzake, waliofuatilia maelfu ya watoto wa magharibi mwa Uingereza. Waligundua kwamba watoto waliokuwa na mzio wa karanga walikuwa wamepakwa zaidi krimu zenye mafuta ya karanga walipokuwa wachanga, hasa wale wenye ngozi yenye ukurutu. Ngozi iliyochubuka huufundisha mwili kuichukia karanga kabla tumbo halijaizoea. Tangu hapo wataalamu wengi huepuka kabisa mafuta ya karanga kwa ngozi ya mtoto. Kwa watu wazima, mkandaji na aulize kwanza habari ya karanga, lozi na ufuta. Swali lenyewe halichukui hata dakika moja.

Mafuta ambayo si mafuta

Kinachoitwa mafuta ya jojoba ni nta iliyo katika hali ya maji. Mmea wake hukua katika jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko, na nta yake inafanana sana na ile iliyokuwa ikitolewa katika kichwa cha nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda viligeukia jojoba. Kwa kuwa ni nta, haichachi haraka, na haiachi ngozi ikimeremeta. Inafaa kwa uso na kwa mtu mwenye chunusi. Bei yake ni kubwa, na kuimwaga mwili mzima naona ni ubadhirifu.

Je, wajua kwamba krimu ni kongwe kuliko dawa nyingi tunazozijua?

Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyewatibu wafalme wa Roma, anatajwa kuwa ndiye aliyechanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Mchanganyiko huo ulikuwa dhaifu, maji yalitoka taratibu na kupaa, ngozi ikapoa. Ulikuwa wa kutengenezwa leo na kutumiwa leo. Tatizo hilo la mafuta na maji kuachana lilidumu hadi karne ya 20, mkemia Isaac Lifschütz alipotoa kiunganishi kutoka katika mafuta ya sufu ya kondoo. Oscar Troplowitz, mwenye kampuni jijini Hamburg, akakinunua, na mwaka 1911 ikaingia sokoni krimu ya Nivea, iliyoweza kukaa kopoleni kwa miezi bila kugawanyika.

Wagiriki wenyewe hawakuishia kwenye krimu. Wanamieleka wao walipakwa mafuta ya zeituni kabla ya mazoezi, kisha wakakwanguliwa kwa chuma kilichopinda, na ule mchanganyiko wa mafuta, jasho na vumbi uliuzwa kuwa dawa. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, ameandika kwamba wasimamizi wa viwanja vya mazoezi waliwahi kuuza makwangulio hayo kwa sarafu 80,000 za sesterce.

Je, wajua kwamba dawa ya kuchua haina moto wala barafu ndani yake?

Hapa ni lazima tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mwaka 1997 David Julius na wenzake, California, walikitambua kihisio cha neva ambacho huwashwa na joto kali. Kihisio hicho hicho huwashwa na kapsaisini, kile kitu kinachofanya pilipili iwe kali. Mwaka 2002 kilipatikana kihisio cha baridi, ambacho mentholi ya mnanaa hukiamsha. Julius alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua mwaka 2010 vihisio vinavyotuwezesha kuhisi mgandamizo. Ugunduzi wao, ukiuweka pamoja, unakaribia kueleza kila kinachotokea kwenye kitanda cha kukandia: pilipili hudanganya neva kwamba kuna moto, mnanaa huzidanganya kwamba kuna baridi, na mkono huzipa habari ya kweli ya mgandamizo. Neva zikishughulika na habari hizo, za maumivu hupungua sauti kwa muda.

Kwa sababu hiyo dawa ya kuchua si mafuta ya kukandia. Hupakwa kiasi kidogo, mahali padogo panapouma, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa jicho. Anayeimwaga mgongo mzima na kuchua kwa nusu saa anaongeza damu kwenye ngozi na kuilazimisha dawa iingie kwa wingi asioweza kuupima. Na hii huingia kweli: methili salisilati, ile yenye harufu kali ambayo wanamichezo wanaijua, ina molekuli ndogo ya daltoni 152, chini kabisa ya ile kanuni ya 500. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya methili salisilati kina nguvu ya vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Mwaka 2007, New York, mkimbiaji wa shule mwenye umri wa miaka 17 alifariki, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mwili wake ulikuwa umefyonza kiasi kikubwa mno cha dawa hiyo kutoka katika bidhaa za kuchulia misuli. Mtu anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu kwa hatari akiichua mara kwa mara. Usiifunge kwa bandeji ya kubana, usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, wala usimpake mtoto mdogo dawa yenye kafuri au mkaratusi. Watoto wamewahi kupatwa na degedege kwa sababu hiyo.

Karafuu, langilangi, ndimu

Pemba ina kiwanda cha makonyo, Wawi, Chake Chake, kinachokeneka mafuta kutoka katika vikonyo vya karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino. Juu ya ngozi, mafuta hayo yakiwa halisi huunguza. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni kwamba matone 6 katika mililita 30 za mafuta ya kawaida ni takriban asilimia 1, na kwa karafuu hata hayo ni mengi. Matone 2 au 3 yanatosha. Nimeona wauzaji wakiwashauri wageni wapake yenyewe kwa yenyewe ili yapenye vizuri zaidi. Ushauri huo ni mbaya na wanaoutoa wauache.

Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya langilangi. Ukenekaji wake huchukua saa nyingi, na mafuta hugawanywa kadiri yanavyotoka: yale ya mwanzo kabisa huenda kwa watengeneza manukato wakubwa, ya baadaye huishia kwenye sabuni na mafuta ya mwili. Harufu hiyo hiyo ndiyo inayosikika kwenye singo la maharusi wa Unguja, pamoja na asumini na liwa. Singo ni la kusugua na kung'arisha. Baada yake ngozi imesuguliwa na iko wazi, basi mafuta yanayofuata yawe mepesi na yasiyo makali.

Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda yana hatari ambayo hoteli za ufukweni zingepaswa kuibandika ukutani. Yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Mgeni akikandwa nayo asubuhi kisha akalala ufukweni, anaweza kupata malengelenge na madoa yatakayokaa miezi. Ndimu iliyokenekwa kwa mvuke haina tatizo hilo. Anayenunua asome chupa.

Je, wajua kwamba vitamini E haijathibitika kuondoa makovu?

Mwaka 1999 madaktari wa Miami walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 15 waliofanyiwa upasuaji wa ngozi. Nusu moja ya kovu ilipakwa mafuta mgando ya kawaida, nusu nyingine mafuta yaliyotiwa vitamini E. Karibu wote hawakupata nafuu ya ziada au kovu lilizidi kuwa baya, na theluthi yao walipata mzio wa ngozi. Kovu lililofunga kabisa, likiwemo la kujifungua kwa upasuaji, hunufaika na mwendo wa vidole unaoliachanisha na nyama ya chini, na hapo krimu isiyo na harufu inashinda mafuta kwa sababu vidole vinahitaji mshiko. Kidonda ambacho hakijafunga kisiguswe na chochote asichokiagiza daktari.

Pale ambapo jibu ni kutokanda

Shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa na joto, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kulikanda shavu hilo kunaweza kulisukuma donge hadi kwenye mapafu na kuua. Mguu huo ni wa hospitali, siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mkono uliovunjika, ambao kwetu bado hupelekwa kwanza kwa mkandaji na kuvutwa kwa mafuta ya moto kabla ya picha ya eksirei, na mtoto mwenye homa anayekandwa tumbo huku malaria ikiendelea kumla. Wakandaji wazuri ninaowafahamu huwarudisha wagonjwa wa namna hiyo mlangoni, na wanastahili kusifiwa kwa hilo kuliko kwa vidole vyao.

Baada ya kazi

Krimu iliyo kwenye kopo la mdomo mpana isichotwe kwa vidole. Maji yaliyomo ni makazi ya vijidudu, na kila kidole hupeleka wapya. Tumia kijiko safi au chupa ya kubonyeza. Mafuta yawekwe kwenye chupa nyeusi, mbali na dirisha. Yakianza kunuka kama rangi ya mafuta ya kupaka ukuta, yamechacha na huwasha ngozi. Mafuta ya madini na mafuta mgando ya petroli hudhoofisha mpira wa kondomu na wa glavu kwa dakika chache, jambo ambalo watu wazima wanapaswa kulijua.

Na taulo: mafuta ya alizeti na ya mbegu nyingine, yakibaki kwenye kitambaa, huendelea kuungana na hewa na kutoa joto. Taulo zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa za moto, zikarundikwa zikiwa zimekunjwa, joto hilo hukosa pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baadaye, usiku, hali duka limefungwa. Zima moto wa Uingereza wamekuwa wakilionya jambo hili kwa wenye saluni na spa. Zioshwe kwa maji ya moto na sabuni nyingi, zianikwe juani inapowezekana, na za mashine zitandazwe zipoe kabla ya kukunjwa.